Naomba nafasi niongee na wazazi kuhusu skrini ya pili

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua hii yangu ni ndefu lakini hili jambo linanikaa kooni tangu wiki iliyopita na naamini kuna wazazi wengi kati ya wasomaji wako linawagusa.

Kuna mama mmoja jirani yangu hapa Tabata, mtu mzima ninayemheshimu sana, alinipigia hodi jioni moja, nikamwamkia, akaniambia baba samahani nakusumbua, huyu mdogo wako anasema anataka skrini ya pili ya kompyuta, na laptopu anayo nilimnunulia mwenyewe kwa hela ya mchezo, sasa wewe ndo unafanya hizi kazi za kuandika programu, hebu niambie ukweli ni kitu cha lazima kweli au ndo vijana kuigana. Nikamwambia mama, ngoja kwanza nikamwone anavyofanya kazi, ndo nikujibu.

Nikaenda. Nikamkuta kakaa pembeni ya kitanda, laptopu iko juu ya stuli ya plastiki, kainama kama mtu anayechambua mchele, mgongo umepinda na kidevu kimekaribia kifua. Nikamuuliza unakaa hivi saa ngapi kwa siku, anasema kaka naanza saa 3 asubuhi, napumzika mchana, usiku naendelea mpaka saa 6. Anajifunza kutengeneza mifumo ya wavuti na vikazi vidogovidogo ameshaanza kupata. Nikasimama nyuma yake namwangalia. Anaandika mistari mitatu, anahamia kwenye browza kuona ukurasa umekaaje, anarudi, anahamia terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kusoma kosa linasema nini, akirudi kwenye faili kashasahau namba ya mstari, anaenda tena, na hapo bado hajafungua ule ukurasa wa maelezo anaousoma ili ajue amri inavyoandikwa. Kazi ya dakika 10 inakuwa nusu saa na kichwa kinachoka kwa kuhamahama tu, kufikiri bado.

Nikarudi kwa mama nikamwambia hivi. Mama, wewe umewahi kukaa kwa fundi nguo. Fikiria fundi ambaye kila akitaka kuangalia vipimo vya mteja kwenye daftari lazima aitoe nguo kwenye cherehani, aikunje, aweke daftari palepale ilipokuwa nguo, asome kiuno ni ngapi, afunge daftari, arudishe nguo. Atashona gauni moja kwa wiki. Kijana wako ndo anafanya hivyo mchana kutwa, kwa sababu sehemu ya kutazamia ni moja tu. Skrini ya pili ni pale pa kuwekea daftari pakae wazi muda wote. Mama akacheka kidogo akasema sasa nimeelewa, ila akauliza na hiyo ya tatu aliyoiona kwenye picha za wenzake? Nikamwambia ya tatu aache kwanza. Na mimi msimamo wangu ndo huo mpaka leo, kwa mtu anayeandika programu skrini mbili zinatosha, anayehitaji tatu atajijua mwenyewe kutokana na kazi yake.

Lakini Mhariri, nilipoangalia kile chumba vizuri niligundua swali la skrini ya pili lilikuwa la tatu kwenye foleni. La kwanza ni meza na kiti. La pili ni kuinua ile skrini aliyonayo. Ndo maana naandika, maana naona vijana wengi wanadunduliza miezi wanunue skrini kubwa halafu wanaiweka mahali pabaya, na mwili unalipa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Nilipoanza kazi nilinunua skrini mbili za inchi 24, nikaziweka sambamba, ile ninayoandikia ikawa kushoto na ile ya kusomea kulia, kwa sababu tu soketi ilikuwa upande ule. Nikakaa hivyo kama miaka miwili. Ikaanza shingo kukakamaa asubuhi, ikaja bega la kushoto, mwisho nikawa siwezi kugeuka kurudisha gari nyuma. Nikameza dawa za maumivu sana, nikabadilisha mito, nikapelekwa mpaka fiziotherapia. Yule dada wa fiziotherapia kabla hata hajanigusa aliniuliza swali moja, ukiwa kazini unaangalia upande gani? Nikanyamaza. Kwa muda wa saa nane kila siku shingo yangu ilikuwa imegeukia kushoto, na kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5, shingo inaubeba vizuri kikiwa kimekaa wima juu ya mabega, kikipinda au kugeuka muda mrefu misuli ya upande mmoja ndo inafanya kazi yote. Nilirudi nyumbani nikahamisha, skrini kuu ikawa mbele ya pua yangu kabisa, ya pili kulia kwake imeinamishwa kidogo kunielekea kama ukurasa wa kitabu kilichofunguliwa. Pamoja na mazoezi niliyopewa, baada ya wiki kadhaa nikaanza kugeuka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, jambo kubwa kuliko yote ninalomwambia ni hilo, usikae katikati ya skrini mbili pale fremu zinapokutana. Chagua moja iwe ya kuandikia, ikae mbele yako sawasawa na kibodi, nyingine iwe ya pembeni. Kama kweli unatumia zote mbili nusu kwa nusu hapo sawa, ziweke kwa pembe pande zote mbili, lakini jichunguze vizuri maana wengi tunadhani tunazitumia sawa na hatuzitumii sawa.

Kimo nacho. Ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na umbali uwe kama urefu wa mkono wako ulionyooka, tuseme sentimita 50 hadi 70. Asiye na hela ya kitu chochote leo hii anaweza kuanza hivi: chukua vitabu vya zamani au tofali lililofungwa kitambaa, inua laptopu mpaka ifike usawa huo, halafu nunua kibodi na mausi ya nje, hata ya kawaida kabisa ya waya, uandikie chini. Hiyo peke yake ni nusu ya ugonjwa imeondoka. Laptopu ina kasoro moja ya maumbile, kibodi na skrini vimeshikana, ukiweka skrini pazuri kibodi inakuwa juu sana, ukiweka kibodi pazuri skrini inakuwa chini, hakuna namna ya kushinda mpaka uvitenganishe.

Sasa meza. Hapa nina malalamiko na naomba mafundi wetu wanisikilize kwa upendo tu. Ile inayouzwa madukani kama "meza ya kompyuta" imetengenezwa kwa ajili ya kompyuta za zamani zile zenye skrini kama kontena. Ina droo ya kibodi inayoteleza, ina kabati la kuweka CPU, ina rafu juu, na upana wake kutoka kwako kwenda ukutani ni sentimita 45 au 50. Magoti yanagonga droo, mikono haina pa kulalia, skrini ya leo ukiiweka pale inakuwa puani. Vijana wananunua ile kwa sababu imeitwa meza ya kompyuta. Bora meza ya kulia chakula ya kawaida kuliko ile.

Nenda kwa fundi. Kwa hapa Dar mimi naenda Keko kwa mafundi samani, na kila mji una Keko yake. Skrini ya inchi 24 ina upana wa sentimita 53 au 55 hivi na fremu yake, mbili ni 110, ya inchi 27 moja ni kama sentimita 60 hivyo mbili zinafika 120 na ushee, ukiongeza nafasi ya daftari, kikombe na simu, meza ya urefu wa sentimita 150 inatosha bila kubanana. Upana kwenda ukutani 75, ukipata 80 bora zaidi. Kimo, meza nyingi ni 75 au 76 na kwa kuandika hiyo iko juu kidogo kwa wengi wetu, mimi yangu nilikatisha 72. Njia ya kujipima ni kukaa kwenye kiti miguu ikiwa imekanyaga chini yote, kiwiko kikunjwe pembe mraba, mkono ulale juu ya meza bila bega kupanda. Mfupi ambaye meza imeshakuwa ndefu ainue kiti na aweke kibao chini ya miguu.

Mbao yenyewe, mninga ni mzuri lakini bei yake unaijua, msonobari wa Sao Hill huko Mufindi unafaa kabisa kama umekauka, usipokauka mbao zinapinda na katikati zinaachana, kwa hiyo muulize fundi umekaa muda gani stoo. Plaiwudi ya milimita 18 juu ya fremu ya bomba la mraba la chuma nayo ni imara na ndo niliyonayo. Kama una mpango wa kufunga skrini kwenye ule mkono wa chuma unaobana ukingo wa meza, epuka MDF nyembamba, ile mbao ya unga wa mbao ulioshindiliwa, inapondeka pale kibano kinapokaza na siku moja skrini inashuka. Mwambie fundi atoboe tundu la sentimita 6 nyuma kwa ajili ya waya na apigilie kibao kama sinia chini ya meza ili ekstensheni ikae huko juu. Waya zikiwa zimelala sakafuni mtoto anavuta, dada anapopiga deki maji yanafika kwenye soketi, hilo si jambo la urembo kabisa, ni usalama.

Na meza isitazamane na dirisha wala isilipe dirisha mgongo. Dirisha likae ubavuni. Ukilipa mgongo jua lote linakaa juu ya kioo, ukitazamana nalo macho yanapigana na mwanga siku nzima.

Tuje kwenye kununua skrini. Wala sio lazima mpya. Kariakoo kuna skrini nyingi used zilizotoka maofisini huko Dubai na Ulaya, na skrini za ofisi mara nyingi zina stendi nzuri inayopanda na kushuka, nyingine inageuka mpaka inasimama wima, ambayo kwa kusoma faili ndefu ni raha sana. Ila usilipe kabla hujaijaribu. Beba laptopu yako na waya wako. Weka kwenye laptopu picha tano za rangi tupu, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, ifungue kila moja ijaze skrini nzima. Kwenye nyeupe utaona madoa na nukta zilizokufa, kwenye nyeusi utaona kingo zinazovuja mwanga, kwenye rangi zile tatu utaona mistari. Iache iwake dakika 20 mnapiga stori na muuzaji, maana kuna zinazoanza kuchezacheza zikipata joto. Geuza nyuma uone matundu manne ya skrubu yaliyo kwenye mraba wa milimita 100 kwa 100, hayo ndo yatakuruhusu kuifunga kwenye mkono au ukutani hata kama stendi haipo.

Halafu matundu ya waya, hapa watu wanapoteza hela sana. Angalia kwanza laptopu yako ina nini. VGA, aina ya zamani ya tundu la picha, ni ya tangu 1987, bado iko kwenye skrini nyingi used, inafanya kazi lakini maandishi yanakuwa na ukungu kidogo, na mtu anayesoma maandishi mchana kutwa ukungu huo anaulipa kwa macho, kama kuna HDMI au DisplayPort, matundu ya kisasa zaidi, tumia hiyo. Adapta ya HDMI kwenda VGA ni ya njia moja, usiichukue ukidhani utaigeuza siku nyingine. Kuhusu lile tundu dogo la USB-C, sio kila USB-C inatoa picha, nyingine ni ya kuchaji na data tu, soma maelezo ya modeli yako au jaribu palepale dukani. Wenye MacBook Air ya M1 ya 2020 wajue inakubali skrini moja tu ya nje kwa njia ya kawaida, nimeona mtu kanunua mbili na moja imebaki nyeusi. Na anayetamani 4K, zile skrini zenye nukta nyingi zaidi, kwenye laptopu ya zamani yenye HDMI 1.4, atapata picha 30 tu kwa sekunde, mausi itakuwa inavuta miguu, kwa kuandika programu Full HD ya 1920 kwa 1080 kwenye inchi 24 haina shida yoyote.

Maana tunachotaka ni mistari ya maandishi ikae pembeni kwa pembeni. Kuna kitu nakipenda hapa, wanaoandika Python, lugha mojawapo ya programu, wanajua mwongozo wake wa mtindo unashauri mstari usizidi herufi 79, na mazoea haya ya kuishia 80 yanarudi nyuma mpaka kadi za kutoboa za kuwekea data za kampuni ya IBM za mwaka 1928 zilizokuwa na safu 80. Kwa hiyo kwenye skrini moja ya Full HD unaweka faili mbili sambamba kwa maandishi ya ukubwa wa kusomeka, kushoto programu, kulia jaribio lake, na skrini ya pembeni inabaki na browza juu na logi, yaani ripoti za programu inavyokwenda, chini. Nilipomwekea yule kijana hivyo kwenye skrini yangu alinyamaza muda mrefu akasema kaka, kumbe sikuwa mzito wa akili. Hilo neno limenisumbua mpaka leo Mhariri, kijana alikuwa ameshaanza kuamini hawezi.

Ukishachomeka, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows na P uchague kutandaza, sio kurudufu, halafu kwenye mipangilio ya skrini vuta vile viboksi vikae kama skrini zilivyokaa kwenye meza yako kweli, la sivyo mausi itakuwa inagonga ukuta upande ambao skrini ipo. Windows na Shift na mshale inahamisha dirisha kutoka skrini moja kwenda nyingine, kajifunze hiyo siku ya kwanza. Wa Linux wengi mnayo sehemu kama hiyo kwenye mipangilio.

Mama aliuliza pia kuhusu umeme na alikuwa na haki ya kuuliza. Skrini ya LED ya inchi 24 inakula wati 20 hadi 30. Tuseme mbili kwa 25 kila moja, saa 8 kwa siku, ni uniti 0.4 ya LUKU, kwa siku 26 ni uniti 10 na kidogo. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka dakika 24 imeshakula za siku nzima za hizo skrini mbili. Kinachoua skrini kwetu ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo usichomeke moja kwa moja ukutani, weka kinga ya umeme, na ukijaliwa weka UPS ndogo, kile kiboksi chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo UPS ibebe skrini na ruta ya intaneti tu, zile ndogo zina betri moja ya volti 12 ya 7Ah, ikiwa nzima inaweza kukusogeza nusu saa, inatosha kuhifadhi kazi na kumwandikia mteja kwamba umeme umekatika.

Kuhusu macho, kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20, mti, ukuta wa jirani, chochote. Tukiangalia skrini tunapepesa macho kidogo kuliko kawaida ndo maana yanakauka, na feni ikikupuliza usoni inazidi kuyakausha. Isogeze ipulize kwa pembeni.

Neno kwa waajiri nalo liwemo. Nimewahi kufanya kazi sehemu moja ambayo wahasibu na madevelopa tulipewa laptopu za inchi 14 na meza ya mkutano tukakae tumezunguka, tukiomba skrini tunaambiwa bajeti ijayo, na watu wawili wazuri sana waliondoka wakilalamika mgongo. Skrini used inakaa miaka. Kumtafuta mtu mpya na kumfundisha mfumo kunakula miezi. Naomba wakubwa wenye kusaini bajeti waende siku moja wasimame nyuma ya mfanyakazi dakika 15 kama nilivyosimama mimi nyuma ya yule kijana, wahesabu anahama madirisha mara ngapi.

Mama amekubali. Tumepanga hivi, mwezi huu kibodi, mausi na meza, kiti kipo cha sebuleni kigumu chenye mgongo ulionyooka kitaongezewa mto kwa sasa, skrini mwezi ujao mambo yakikaa sawa, na nitaenda naye Kariakoo mimi mwenyewe na zile picha tano. Jumamosi tunapeleka karatasi ya vipimo vya meza kwa fundi. Mhariri kama nafasi ni ndogo kata popote unapoona panafaa, ila naomba vipimo vya meza usivikate kwa ajili ya mzazi mwingine atakayetaka kwenda navyo kwa fundi wake: urefu 150, upana 75, kimo 72, plaiwudi ya milimita 18, tundu la waya sentimita 6 nyuma katikati, na chini kwenye magoti pawe wazi kabisa, hakuna droo.

Wako msomaji wa kila siku,
Tabata, Dar es Salaam